Masika yamepiga hodi, mtoko wako una mwavuli?

Wale wa Sinza, Temeke, Tandale, Mbagala, mpaka washkaji zangu wa Bagamoyo na Tanga, najua mko poa ila mmelowana. Hata mie hapa ninapoandika miguu iko ndani ya ndara, raba zangu zinaning'inia dirishani tangu juzi na bado zinanuka kama samaki wa Feri. Ndo masika hayo. Ukiwa kijana wa mjini na una pamba zako mpya, huu ndio msimu wa kukonda kwa mawazo.

Kaa kijiwe chochote cha Dar mwezi wa nne, lazima utasikia haya: "Hawa watu wa hali ya hewa waongo bwana! Wamesema mvua, jua hili hapa." Kesho yake wakitangaza vipindi vya jua, mvua inashuka ya kufa mtu, na jamaa yule yule anashika kiuno: "Si nilisema?" Yaani kwake wao wanakosea tu, iwake inyeshe. Mimi wiki hii nimeamua kukaa upande wa wanaotukanwa. Sina ndugu kule wala sijalipwa chai. Nimejizoeza tu kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hao TMA, kila jioni baada ya taarifa ya habari, muda ule ambao watu wote sebuleni huinuka kwenda kutafuta maji ya kunywa. Nimegundua jambo moja. Wale jamaa wanasema vizuri tu, ila wanasema Kiswahili chao, na sisi tunasikia chetu.

Chukua mipaka kwanza. Wakitamka "pwani ya kaskazini" wanamaanisha mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam, pamoja na Mafia, Unguja na Pemba. "Pwani ya kusini" ni Lindi na Mtwara. Usidhani ni majina ya kupendezesha ramani. Huku kaskazini tuna misimu miwili ya mvua, vuli za Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kusini wana msimu mmoja mrefu, unaanza Novemba na kuishia Aprili. Ndo maana mwezi wa tano shemeji wa Mtwara anakupigia simu anaanika mihogo juani, wewe wa Mabibo unachota maji chumbani kwa sahani.

Kisha yanakuja maneno yenyewe. "Mvua katika maeneo machache" sio sawa na "baadhi ya maeneo", na "maeneo mengi" ni habari nyingine kabisa. Hizo ni ngazi. Wakisema machache na wewe mtaani kwako hujaona hata tone, hawajadanganya: zamu ilikuwa ya Kibaha. Mvua ya Ulaya nasikia inakuja kama treni, wanaiona siku tatu kabla ikiwa bado nchi ya jirani, wanapiga hesabu ya stesheni. Mvua yetu haina reli. Inapikwa hapo hapo, kama chapati. Joto la asubuhi linapandisha mvuke, upepo wa bahari unausukuma, wingu linaumuka, na ndani ya saa moja au mbili Mbagala imezama huku Sinza watu wanakula mishikaki nje. Hakuna mtaalamu duniani wa kukwambia Jumatatu kwamba Alhamisi saa nane mchana wingu litaivia Kijitonyama na sio Mikocheni. Anachoweza ni kukuambia kwamba wiki hii jiko limewashwa, na moto ni mkali kiasi gani.

Moto huo unapimwa. Kwa TMA mvua ikizidi milimita 50 ndani ya saa 24 inaitwa mvua kubwa. Wengi wetu tukisikia milimita tunafikiria rula ya shule, tunacheka. Hebu tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba ya kupanga yenye paa la mita kumi kwa kumi, ikipigwa na milimita 50, imemwagiwa lita 5,000. Hayo ni madumu 250 ya lita ishirini, juu ya paa moja tu! Sasa zidisha kwa mabati yote ya Manzese, halafu kumbuka mtaro wa hapo kwenu umejaa chupa za plastiki na godoro la mtu aliyehama mwaka juzi. Dar yenyewe kwa mwaka mzima hupata kama milimita 1,100, na Aprili peke yake hujichukulia karibu robo. Kwa hiyo ukiona Aprili inakunyanyasa, sio uchawi wa jirani.

Kuna na rangi. Mambo yakitaka kuharibika, wanatoa taarifa ya siku tano yenye ramani. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pembeni huandika vitu viwili vya kuangaliwa pamoja: uwezekano wa jambo kutokea, na kiwango cha athari. Watu wengi husoma cha kwanza, cha pili wanaruka. Uwezekano ukiwa mdogo lakini athari kubwa, huko ndiko kwa kukaa chonjo, kwa sababu likitokea halikupi nafasi ya kurudi kuchukua vyeti vya shule.

Sasa kwa nini Aprili? Hili nililipata kwa wazee wa pale Feri, soko la samaki, ambao hawana kompyuta lakini wana macho. Wao hesabu yao ni ya pepo. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi kunavuma kaskazi, upepo wa joto unaotoka upande wa Somalia na Arabuni, ule uliowaleta wenye majahazi tangu enzi na enzi. Kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba linashika kusi, upepo wa baridi kidogo na wenye ubabe. Katikati hapo, kaskazi anapofunga virago na kusi hajafika na mabegi, kuna siku za maleleji, bahari shwari kama mafuta, joto la kukufanya ulale na feni kifuani. Wataalamu wanaeleza kitu kile kile kwa lugha yao: jua la utosi hupita juu ya Dar mwanzoni mwa Machi likielekea kaskazini, na ule ukanda wa mvua ambako pepo za pande mbili za dunia hukutana unalifuata nyuma nyuma kama mtoto anayemfuata mama sokoni. Bahari nayo wakati huo imechemka kuliko miezi mingine, mvuke bure. Kusi akianza kuusukuma mvuke huo nchi kavu, umekwisha.

Mzee mmoja pale alinichekesha. Nilimsomea taarifa ya TMA ya siku ile, mahali wanapoandika kuhusu bahari: "mawimbi madogo hadi makubwa kiasi." Akaniuliza, "Hiyo kiasi ni kiasi cha ngalawa yangu au kiasi cha meli ya Zanzibar, mwanangu?" Swali zito hilo. Kwa abiria wa boti kubwa ya mwendo kasi, makubwa kiasi ni kutapika tu na kufuta picha ulizojipiga. Kwa ngalawa ni jambo la kuacha wosia. Utabiri haujui wewe umepanda nini, hesabu hiyo unajipigia mwenyewe.

Na hapo niseme na maharusi watarajiwa, maana naona kadi za michango zimeanza kumiminika. Fungate ya Zanzibar ni jambo zuri, simkatazi mtu. Ila bahari ya kusi haiheshimu ndoa. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe siku ya upepo mkali na bahari iliyochafuka, na watu wengi hawakurudi. Julai kusi limekomaa, lakini Aprili na Mei ndo linazaliwa, na linapozaliwa hupiga mateke bila ratiba. Wakitangaza kwamba boti zimesimamishwa, usimtukane mkata tiketi. Kalale Dar siku moja zaidi. Mkeo bado ni mkeo.

Twende kwenye starehe, maana najua ukurasa huu hamuusomi kwa ajili ya mawimbi. Mtoko wa Coco Beach wakati wa masika unawezekana, tena bomba kabisa, ila una masharti. Nimeangalia kwa miaka kadhaa sasa: mvua nyingi za pwani hupenda usiku wa manane na alfajiri. Mara kibao unaamshwa saa kumi na mabati yanapiga ngoma, saa nne asubuhi bado manyunyu, saa tisa alasiri jua linatoka limeoga, hewa safi, mihogo ya kukaanga inanukia. Jamaa wa kijiweni anakuwa ameshaahirisha tangu asubuhi, wewe unatia timu na mwenzio pwani nzima ya kwenu. Kwa hiyo utabiri ukisema mvua asubuhi na vipindi vya jua, usifute mtoko, usogeze. Ukisema ngurumo za radi mchana, hapo usicheze. Radi na mnazi ni marafiki, usijiingize kati yao.

Kwa akina dada, sitoi ushauri mwingi, nisije nikapigwa. Ila dada yangu, unajua umetengeneza nywele za pesa nzito Ijumaa, Jumamosi kuna mnuso, na ramani ina njano. Huo mfuko wa plastiki wa kujifunika kichwani usiuonee aibu kituoni. Viatu vyeupe viache kwenye boksi mpaka Juni. Akina kaka nao na zile suruali zinazofagia barabara, mkikunja mara mbili hamfi. Simu, kitambulisho na pesa za noti vitie kwenye kifuko kimoja kinachofungwa vizuri. Nauli ya bodaboda ikinyesha inapanda bila kutangazwa bungeni, kwa hiyo kaa na chenji ya dharura. Na maji ya kunywa yachemshwe, tafadhali, vyoo vya uswahilini vikifurika havichagui kisima. Mbu wa mchana pia, yule mwenye madoadoa meupe miguuni. Homa ya dengue ilitusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, na makao ya mbu yule ni kopo na tairi vyenye maji safi ya mvua ya wiki iliyopita. Pindua kopo.

Nimecheka vya kutosha, sasa naomba nizungumzie Kigogo.

Kigogo anaishi shangazi yangu, upande wa bondeni, chumba cha pili kutoka mto Msimbazi ukiondoa banda la kuku la jirani. Anauza chapati na supu. Ana friza moja aliyonunua mkononi kwa mtu, na friza hiyo ndiyo mtaji, ndiyo benki, ndiyo kila kitu. Desemba 2011, zile mvua za vuli zilizoua watu zaidi ya 40 Dar, alikaa juu ya paa na watoto wawili kuanzia alfajiri mpaka mchana. Baadaye serikali iliwapa baadhi ya waathirika wa mabondeni viwanja kule Mabwepande. Yeye hakuhama. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniambia, "Baba, Mabwepande nani atakula chapati zangu saa kumi na mbili asubuhi?" Nikakosa jibu. Wateja wake ni wa hapo hapo, mafundi, makondakta na vijana wa soko. Ni rahisi kumwita mtu wa bondeni mbishi ukiwa umekaa ghorofani. Mimi sina ujasiri huo.

Basi kazi yangu Jumapili jioni wakati wa masika ni kumpigia simu na kumsomea wiki. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba utabiri wa wiki ukisomwa kwa mtu wa bondeni una kurasa tatu, na moja tu ndiyo inayotangazwa.

Ukurasa wa kwanza ni huo wa mvua. Wa pili ni Pugu. Msimbazi haukuanzia Jangwani, unatoka kwenye vilima vya Pugu huko Kisarawe, unashuka kwa Gongo la Mboto na Vingunguti, unapita Tabata na Kigogo, ndo unafika Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salender. Kwa hiyo jua linaweza kuwaka Kigogo, watoto wanacheza mpira, na maji yakawa njiani yanakuja kutoka mvua ambayo wao hawakuiona. Shangazi haniulizi tena "kwetu itanyesha?" Ananiuliza, "Pugu wanasemaje?" Ana dada yake wa ukoo kule juu, wakipigwa na kubwa usiku anampa simu, na shangazi anajua ana saa chache. Huo ni mtambo wa tahadhari wa watu wawili na vocha ya mia tano.

Ukurasa wa tatu ni bahari, na huu alinifundisha yeye. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvu, yanajaa sana na kutoka sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar inafika kama mita nne. Siku za katikati ni maji mafu, hayana makeke. Sasa angalia ujanja wa maumbile: siku za bamvu pwani yetu maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Na mvua zetu nilishasema zinapenda lini? Alfajiri! Mto unashuka umevimba, unafika Salender unakuta mlango umefungwa na bahari, unarudi nyuma kutafuta pa kulala. Unalala kwa shangazi. Kwa hiyo yeye akitazama mwezi mpevu mwezi wa nne haoni mapenzi kama ninyi wa Coco. Anaenda kutafuta matofali ya kuinulia friza.

Hiyo ndiyo njia yake. Wiki ya njano na maji mafu, anainua friza matofali mawili na kulala humo humo. Wiki ya chungwa, matofali manne, na watoto wanapelekwa kwa mdogo wake Kimara. Ikiwa chungwa na bamvu pamoja, hapiki. Anafunga, anachukua vyeti na akiba yake, naye anaondoka Kimara, na siku mbili tatu hizo hana kipato. Mtu anayesema TMA waongo hajawahi kulipia utabiri kwa faida yake ya siku tatu. Shangazi analipa. Kuna wiki alihama na mvua isije ya maana, akarudi kakunja uso, nikajua leo nitatukanwa. Akasema tu, "Haya, nimepumzika mgongo."

Wenzetu wa mwendokasi nao bonde hilo limewatesa. Mabasi yalianza mwaka 2016, karakana ikawekwa pale pale Jangwani, na Aprili 2018 maji yakaingia karakanani na barabara ya Morogoro ikafungwa. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Ukiwa unaishi Kimara na kazi yako iko Posta, rangi ya chungwa kwenye ramani tafsiri yake ni kwamba basi linaweza kugeuzia Magomeni na wewe ukamalizia safari kwa miguu au kwa kuzunguka. Amka mapema au omba ruhusa mapema. Upo mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, una daraja jipya la Jangwani ndani yake na fidia kwa wakazi wa kuhamishwa. Shangazi anaifuatilia habari ya fidia kuliko ligi kuu.

Tuje kwenye vimbunga, maana huko ndiko kijiwe kilikopatia silaha. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilionekana baharini kinatuelekea, TMA wakatoa tahadhari, watu wa pwani wakaambiwa wakae mkao wa kujihami. Jobo akachoka njiani, akafa nguvu kabla hajafika. Siku ile vijana walimiminika ufukweni kumpokea kwa vicheko, na jina la Jobo likawa jina la kila mtu asiyetimiza ahadi. Mwenye deni Jobo, bwana aliyesema atakuja na hakuja, Jobo. Sio siri, hata mimi nilicheka.

Lakini miaka miwili kabla yake, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilielekea kwetu vile vile, Mtwara wakaandaliwa kuhama, nacho kikageukia Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua na kubomoa. Mgeuko ule tu ndio uliotutenganisha na kilio kile. Na Mei 2024 alikuja Hidaya. Safari hii hakuchoka mapema. Tarehe 4 Mei aliingia pwani maeneo ya Mafia, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, na mvua zake zikakata barabara ya kusini, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa. Tulikuwa tumeambiwa siku kadhaa kabla. Wavuvi niliozungumza nao walivuta vyombo juu mchangani bila ubishi, na hao ndio walikuwa wanamcheka Jobo.

Ni kweli vimbunga kwetu ni adimu, tuko karibu mno na Ikweta, na huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kulikoroga wingu. Adimu lakini sio hadithi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu karibu yote, Pemba ikanusurika, na ndiyo sababu mpaka kesho ukitaja karafuu unataja Pemba. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Ukiangalia tarehe hizo, wageni hawa wanapenda kuja masika yakiwa yamekolea, tukiwa tumeshalowana.

Na mvua ya kawaida tu, isiyo na jina la ubatizo, inatosha kufanya kazi ile ile. Msimu ule ule wa 2024, kabla hata Hidaya hajazaliwa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mvua na mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Hawa hawakuuawa na utabiri uliokosea.

Haya, nimewachosha. Jumapili hii nitakaa tena redioni saa mbili na nusu usiku na kalamu mkononi. Nitaandika pwani ya kaskazini wanasemaje, upepo unatoka wapi, rangi ni gani. Kisha nitachungulia nje nione mwezi umefikia wapi, halafu ndo nipige simu Kigogo. Wiki iliyopita shangazi aliniwahi. Kabla sijafungua mdomo akaniambia ameshaongea na Pugu, mwezi ni mchanga wa siku sita, maji yanaelekea kuwa mafu, friza iko kwenye matofali mawili. Anachotaka kutoka kwangu ni kimoja tu, nimpelekee unga kilo kumi maana Jumatatu atapika.